Kumbikumbi wametoka Februari: nipande au nisubiri?

Swali: Assalamu alaykum. Ninalima Mtambwe, Pemba. Nina robo eka ya mahindi na kunde nyuma ya nyumba, udongo wa kichanga, na kipande cha mpunga bondeni, udongo mzito, kinachotegemea mvua tu. Mwaka huu mambo yamewahi. Tangu katikati ya Februari mvua imenyesha mara mbili, kumbikumbi wamejaa kwenye taa, vyura wanalia usiku kucha, ukoka wa uani umekuwa kijani na viazi vikuu vilivyo uchagani vimeanza kutoa macho. Mavyaa wangu anasema masika yameingia, tupande. Mwaka jana niliona dalili hizihizi nikapanda tarehe 20 Februari. Mahindi yakaota vizuri kisha yakakauka yote, na mpunga ukaota nusu. Dalili ipi ni ya kuaminika, na nikishaiona nifanye nini?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yetu. Mahindi na kunde usipande bado. Wala usikae bure, maana mvua hiyo ya Februari ina kazi yake na tutaifikia.

Mavyaa wako hakukosea alichokiona, na hakuna dalili ya uongo katika hizo ulizozitaja. Shida ni kwamba kila moja inajibu swali lake. Moja inakwambia tumefika wapi katika mwaka, nyingine inakwambia hewa ya jana usiku ilikuwaje, nyingine inakwambia udongo umeroa mpaka wapi. Mkulima akizijumlisha kama kura, tano zikisema ndiyo, anapanda. Lakini punje ya mhindi haina haja ya kura hizo. Inataka maji katika sentimita 20 za juu za udongo, na iyapate kwa wiki tatu mfululizo.

Tuanze na zile za tarehe. Kiazi kikuu kikishachimbwa hulala miezi miwili hadi minne, kutegemea aina, kisha huamka chenyewe hata kikiwa darini pakavu. Kilichochimbwa Novemba kitatoa macho Februari, mvua iwepo isiwepo. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme mwezi wa Machi wanajiandaa kurudi Ulaya, ambako baridi inakwisha, na safari yao inaamuliwa na saa iliyomo miilini mwao. Mwezi mwandamo nao, wanaosema ukilala kama dau unabeba maji na ukisimama unayamwaga: mwinamo wake hubadilika kwa mzunguko unaojirudia kila mwaka, na jioni hiyohiyo huonekana karibu vilevile Pemba na Mogadishu, ambako mvua hainyeshi kwa tarehe moja na kwako. Hizo zote ni kalenda. Zina faida ya kalenda, yaani zinakukumbusha kunoa jembe.

Wazee wanaohesabu miongo, kumi kumi, kuanzia siku ya mwaka (ile inayosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai), nao wana kalenda, tena nzuri. Ila ni hesabu ya siku 365 isiyo na siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne. Mtu aliyerithi kutoka kwa babu yake kwamba mpunga humwagwa mwongo fulani, bila ya kurekebisha, atakuwa amewahi kwa wiki mbili kila baada ya miaka hamsini hadi sitini.

Kalenda iliyo bora kuliko zote ni jua, na kwa bahati inasomeka uani. Mvua za masika hulifuata jua linapopita utosini likielekea kaskazini. Unguja mjini hupita kiasi cha tarehe 4 au 5 Machi, na kwenu Wete na Mtambwe siku tatu hivi baadaye. Simamisha mti ulionyooka wima kwenye uwanja. Siku hiyo, wakati wa zawali, kiasi cha saa 6:35 mchana, hautakuwa na kivuli. Kabla ya hapo kivuli cha zawali huangukia kaskazini, na baadaye huangukia kusini. Mvua inayonyesha wakati kivuli bado kinaangukia kaskazini kwa upana wa kiganja au zaidi ni mgeni aliyefika kabla ya kualikwa. Anaweza akakaa, lakini mara nyingi huondoka.

Dalili za hewa ndizo zinazodanganya watu wengi, kwa sababu zinatokea usiku wa kuamkia mvua na mvua kweli inanyesha. Vyura hulia dimbwi likijaa, hata dimbwi la siku tatu. Chungu weusi huhamisha mayai yao kupanda ukutani unyevu wa ardhi unapobadilika. Dudumizi analia. Chumvi inalowa kwenye kopo, ingawa hii katika visiwa vyetu ni dalili dhaifu mno: chumvi huanza kunyonya maji unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na asubuhi nyingi hapa kwetu unyevu umeshapita hapo. Joto la usiku lisilo na upepo, mpaka mtu anatoa mkeka kulala barazani, nalo huja kabla ya mvua yoyote, ya masika au ya kupita. Dalili hizi zitumie kuamua kama leo uanike karafuu au muhogo. Zisikuamulie mbegu.

Kumbikumbi wanastahili maelezo yao peke yao, kwa kuwa ndio waliokuponza. Kichuguu husubiri udongo ulainike ili wale wenye mbawa waweze kuchimba na kujificha. Mvua moja nzuri inatosha kuwatoa, na wapo wanaotoka hata kwa manyunyu. Wanatoka kwa maelfu, na karibu wote huliwa na kuku, mijusi na ndege au hukauka. Kichuguu hakijali, maana kina wengine ndani kitakaowatoa mvua ijayo. Hivyo kumbikumbi wanabahatisha, na wana mtaji wa kubahatisha. Ukoka na ndago ni vivyo hivyo. Ndago huchipua siku chache tu baada ya sentimita chache za juu kuroa, jua likiwaka majani yanaungua, na kiazi chake kilichobaki chini kinangoja. Wewe una kilo mbili za mbegu. Zikioza au zikiungua, huna kiazi kingine ardhini.

Miti nayo isikubabaishe. Mikarafuu ikitoa majani machanga ya rangi ya waridi Februari, na miembe ikitoa yale mekundu, ni kwa sababu mizizi yao iko chini ya udongo uliokauka. Inakunywa maji ambayo mpunga wako hautayafikia mpaka unavunwa.

Sasa zile zinazozungumza habari ya udongo wenyewe. Majongoo wakubwa weusi hutoka kwa wingi unyevu ukishateremka mpaka mafichoni mwao. Ukiwaona mmoja mmoja chini ya jaa si kitu. Ukiwaona asubuhi wanakatiza njia kila baada ya hatua chache, maji yameingia ndani. Konokono wakubwa hupitisha kiangazi wamejifungia ndani ya kombe, mdomo umezibwa kwa utando mkavu mgumu. Wanapouvunja wote kwa pamoja na kutembea usiku mbili tatu mfululizo, unyevu umetulia. (Waokoteni usiku kwa tochi kabla hamjaatika mboga, na watoto wasiwashike kwa mikono mitupu.) Na kama una shina la manjano au tangawizi pembeni mwa uwa, hiyo ndiyo bwana shamba wako wa bure. Majani yake hukauka Januari na tunguu hubaki ardhini. Tunguu huweza kutoa vijicho kwa saa yake lenyewe, lakini kijicho hakitoboi udongo mkavu kikakua jani. Jani la manjano likisimama urefu wa kidole, jua udongo umekaa na maji kwa wiki mbili au zaidi. Dalili hii huchelewa, na ndiyo sababu ya kuiamini.

Juu ya yote hayo uweke upepo. Februari kaskazi bado inavuma. Mvua inayonyesha alfajiri, kisha saa tatu asubuhi kaskazi ikarudi pale pale na mbingu ikawa bluu, ni ya kupita, hata kama ilikuwa kubwa. Masika huingia kaskazi ikishachoka: siku tatu nne za shwari, upepo hauna mwenyewe, mara wa huku mara wa kule, yale maleleji wanayoyajua manahodha, na mawingu mazito yanapanda kutoka kusini, na usiku umeme unamulika upande wa bara. Kusi yenyewe hushika baadaye, kwa kawaida Aprili. Funga kitambaa chepesi juu ya mti mrefu uwanjani, mbali na nyumba, ukiangalie saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kikipepea kuelekea kusini-magharibi saa zote mbili, kaskazi ipo, na wewe subiri.

Kwa nini mahindi yako ya mwaka jana yaliota vizuri kisha yakafa? Hesabu yake iko wazi. Tuseme ilinyesha milimita 20. Kwenye kichanga kikavu maji hayo huteremka kiasi cha sentimita 20 hadi 25. Kwenye udongo wa wastani ni kama 13, na kwenye kinamo cha bondeni hayafiki 10. Jua la Februari pamoja na upepo wa kaskazi huweza kuchukua milimita 5 hivi kwa siku kutoka udongo uliolowa. Kwa hiyo sentimita tano za juu, pale mbegu ilipo, zimekauka siku ya nne au ya tano. Mhindi katika joto letu hutokeza siku ya tano au ya sita na huishi kwa akiba ya punje yake kiasi cha wiki moja baada ya hapo. Yaani uliyaona yakiwa kijani kwa chakula walichotoka nacho kwa mama yao. Akiba ilipokwisha, mzizi ulikuwa na urefu wa kidole ndani ya vumbi. Mvua iliyootesha haikuwa na deni la kulea.

Kwa hiyo pima, na vipimo viwili vinatosha.

Cha kwanza ni kopo. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka juu mpaka chini, la maziwa ya unga linafaa. Lenye shingo au lililopanuka juu litakupa hesabu ya uongo. Lifunge juu ya kigingi kimo cha kiuno, mahali pa wazi, mbali na paa au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Matone ya mnazi ndiyo yanayoharibu vipimo vya watu wengi. Kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula ya skuli mpaka chini, soma milimita, andika kwenye daftari, kisha mwaga. Angalia rula yako, nyingi zina nafasi kabla ya sifuri, ikate. Ukijua utasafiri siku mbili, tia kijiko cha mafuta ya kupikia ndani ya kopo. Yataelea juu ya maji na kuzuia yasikauke; ukirudi soma kimo cha maji tu, usihesabu mafuta.

Cha pili ni shimo. Siku inayofuata mvua, asubuhi, chimba shimo la shubiri moja kwenda chini, kwenye sehemu tatu: iliyo juu, ya kati, na ya chini ya shamba. Usichimbe chini ya mgomba wala karibu na michirizi ya paa. Chukua udongo wa chini kabisa ya shimo, uufinye. Kichanga kikifanya donge lisilovunjika ukilirusha juu kidogo na kulidaka, kina maji ya kutosha. Likimwagika vidoleni, bado. Kinamo kikibanwa baina ya kidole gumba na cha shahada kitoke utepe wa urefu wa sentimita tatu hivi bila ya kukatika. Kikipasuka vipande, bado; kikinata mkononi kama unga wa mkate, acha siku mbili, maana ukikilima hivyo kitageuka tofali.

Masharti ya kupanda mahindi na kunde ni matatu, na yatimie kwa pamoja: kopo limekusanya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, unyevu umefika shubiri katika mashimo yote matatu, na kaskazi imelegea. Ukitimiza mawili la tatu halipo, ngoja mvua nyingine. Kabla ya tarehe 1 Machi hata yakitimia yote tungekushauri usipande zaidi ya theluthi ya mbegu. Februari ni miongoni mwa miezi mikavu zaidi kwetu, na hata Machi yenyewe huweza kugeuka. Mwaka 2019, kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, katikati ya Machi, kilivuta unyevu kuelekea kusini na masika ya Afrika Mashariki yakachelewa. Hakuna jongoo anayejua habari za Beira. Ndiyo maana usikilize pia utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutolewa kabla ya msimu na kueleza Unguja na Pemba, pamoja na taarifa zake za siku kumi kumi. Utabiri ni wa kisiwa kizima, kopo ni la uwa wako. Tumia vyote viwili.

Turudi kwenye mvua hii iliyowahi, maana ndiyo mtaji wako wa mwaka huu. Imelainisha ardhi na imeamsha magugu. Yaache yaote. Siku ya saba hadi ya kumi, yakiwa na majani mawili matatu, yaparue kwa jembe juujuu, sentimita tatu au nne tu, wakati wa jua kali, na uyaache hapohapo yakauke. Usilime kwa kina, utapandisha mbegu nyingine za magugu na utatoa unyevu uliobaki chini. Ndago peke yake ndiyo ichimbwe na viazi vyake, ianikwe juu ya mawe au bati. Ukifanya hivi mara mbili kabla ya masika, palizi yako ya kwanza itapungua sana. Mkulima anayepanda katika mvua ya Februari anapoteza nafasi hii pia, kwa sababu mahindi na magugu yanaota pamoja.

Vipo na vya kupanda sasa: vile vyenye akiba yao wenyewe. Viazi vikuu vilivyoamka vikate vipande vyenye jicho, vya gramu 200 hivi, vipake majivu, vianike kivulini siku moja, kisha vitie kwenye matuta. Manjano na tangawizi vifukie sentimita tano. Muhogo nao unavumilia: pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho matano hadi saba, kutoka sehemu ya kati ya mti wenye miezi minane hadi kumi na mbili, umbali wa mita moja kwa moja. Usichukue pingili kwenye mti wenye majani yaliyojikunja kwa batobato, wala wenye mizizi yenye mabaka ya kahawia ndani. Mkate shina mmoja uangalie muhogo wake kwanza. Aina za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizotolewa Zanzibar mwaka 2007, zilichaguliwa kwa ajili ya maradhi hayo.

Wakati huohuo jaribu mbegu. Punje 20 za mahindi kwenye kitambaa kibichi, kiviringishe, kiweke ndani ya kibakuli kilichofunikwa, kisilowe chepechepe. Siku ya tano hesabu. Zikiota 16 au zaidi ni nzuri. Zikiota 12, tia punje moja zaidi kila koongo. Chini ya hapo tafuta mbegu nyingine.

Siku masharti matatu yakitimia, usimwage zote. Panda theluthi ya shamba, kuanzia sehemu ya chini inayoshika maji. Theluthi ya pili siku saba hadi kumi baadaye, na ya tatu vivyo hivyo. Wengine hulalamika kwamba mavuno hayaivi pamoja. Kwa robo eka ya chakula cha nyumbani hiyo ni faida, mtakula mahindi mabichi wiki tatu badala ya moja. Mstari na mstari sentimita 75, koongo na koongo 60, kina cha sentimita 5, punje mbili. Robo eka ina makoongo kama 2,200 kwa nafasi hiyo, kwa hiyo kilo mbili zinatosha na zinabaki za kurudishia mapengo. Kunde zitie katikati ya mistari wiki mbili baadaye. Tangu mahindi yakiwa machanga, angalia ndani ya moyo wa mhindi kila baada ya siku tatu, maana viwavijeshi vamizi hawasubiri.

Mvua ikikatika baada ya kupanda, usikimbilie kufukua shamba zima. Fukua makoongo kumi kwa kubahatisha. Punje iliyo ngumu bado, isiyoliwa na wadudu, ni salama. Iliyovimba lakini haijatoa mzizi inaweza kukauka na kuja kuota tena. Iliyotoa mzizi kisha mzizi ukasinyaa na kugeuka kahawia imekufa. Zilizo hai zikiwa sita au zaidi kati ya kumi, rudishia mapengo tu. Chini ya sita, panda upya mvua ikirejea. Karibu na nyumba, ambako maji ya kisima yanafika, tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu baina ya mistari. Lita tano kwa kila mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita tano, na hiyo huokoa siku moja tu bila ya matandazo. Pima nguvu zako kabla ya kuanza, mwisho wa kiangazi kisima nacho kiko chini kabisa.

Bondeni mambo ni mengine. Mpunga wa mvua humwagwa udongo ukiwa mkavu kabisa ili uote na mvua za kwanza, na mbegu kavu ndani ya vumbi kavu inaweza kukaa wiki kadhaa bila ya kudhurika, ukiacha chungu na ndege. Ulichokosea mwaka jana kinaelekea kuwa kimoja: ulipanda kwenye udongo nusu mbichi. Unyevu mdogo humwamsha mpunga na hauna uwezo wa kumkuza, ndipo ukaota nusu, ule wa kwenye vibonde. Basi chagua moja. Ama udongo ukauke tena kweli, upande sentimita 4 kwenda chini, ambako mvua ya milimita tano kwenye kinamo haifiki. Ama usubiri shimo lako lifike shubiri ndipo upande kwa sentimita 2 au 3. Usiloweke mbegu katika njia ya kwanza. Katika ya pili unaweza kuiloweka usiku mmoja, ikachujwa na kupandwa asubuhi yake. Makoongo ya sentimita 20 kwa 20, punje nne hadi sita. Kumwaga ovyo huonekana rahisi mpaka siku ya palizi.

Tungule usizipande kwa dalili hizi hata kidogo. Mvua za Aprili na Mei huleta ukungu wa majani kabla ya ua la kwanza. Atika mwezi wa Mei ili zikue kipupwe. Miche ya karafuu ni kinyume chake, inataka kuingia ardhini mwanzo kabisa wa masika yaliyoshika, ili ipate miezi mingi ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi kijacho, ambacho ndicho huua miche mingi ya mwaka wa kwanza. Mashimo ya sentimita 60 kila upande unaweza kuyachimba sasa, udongo ukiwa laini, ukitenga wa juu na wa chini, na ukaweka tayari makuti ya kuitilia kivuli.

Na paa la nyumba lisisahaulike. Kama ni bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 20 inaliangushia lita 800, na hata ukipoteza humusi moja kwa kumwagika unabaki na lita 640. Safisha mifereji ya paa sasa, majani ya kiangazi kizima yamejaa humo, na mvua ya kwanza iache ipite chini kwa robo saa kabla ya kugeuzia bomba kwenye pipa.

Ikitokea kinyume, yaani mpaka tarehe 5 Aprili masharti matatu hayajatimia, usisubiri tena ukiwa na mbegu zilezile. Mpunga wa Supa huchukua zaidi ya miezi minne. Ukipandwa Aprili utachanua Julai, mvua zikiwa zimeshapungua na bonde linakauka, na mashuke yatatoka na mapepe. Chukua wa muda mfupi, wa aina ya NERICA, unaokomaa kiasi cha siku 100, ambao utachanua katikati ya Juni. Ulizia mbegu mapema kwa bibi shamba wa shehia yako au katika kituo cha utafiti cha Matangatuani, kwa sababu masika yakichelewa kwako yamechelewa kwa kila mtu, na wote mtazitaka wiki moja.